Dadu mbili: kwa nini 3-4 ihesabiwe mara mbili na 3-3 mara moja?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, niko Tanga. Nyumbani tunacheza ludo ya dadu mbili, na mjomba wangu husema 7 ndiyo jumla inayotoka kuliko zote, kwa hiyo nisiiache kete yangu hatua saba mbele ya kete yake. Nikakaa kuhesabu. Jumla ya 6 inapatikana kwa 1-5, 2-4 na 3-3. Jumla ya 7 kwa 1-6, 2-5 na 3-4. Jumla ya 8 kwa 2-6, 3-5 na 4-4. Zote njia tatu tatu. Kitabu kinasema 7 ina njia sita kati ya 36, eti 3-4 na 4-3 ni vitu viwili. Lakini dadu zetu zinafanana kabisa, zikishatua hakuna anayejua ipi ni ipi. Nani yuko sahihi: mimi, mjomba au kitabu? Na je, mtu akirusha mara 36 si lazima apate 6-6 angalau mara moja?

Jibu: Marahaba. Kitabu kiko sahihi. Mjomba amepata nusu: ni kweli 7 ndiyo jumla inayotoka zaidi, ila ushauri wake kuhusu mahali pa kuiacha kete unaweza kukuponza, na mwishoni nitakuonyesha kwa namba. Wewe umekosea, lakini swali lako ni zuri kuliko majibu mengi ninayosahihisha, basi tuanze nalo.

Ulichofanya ni kuorodhesha mionekano. Ukiendelea hivyo hivyo kutoka 1-1 hadi 6-6 utapata mionekano 21: sita ya jozi pacha (1-1, 2-2 na kuendelea) na 15 ya namba mbili tofauti. Orodha hiyo haina kasoro. Kasoro inaingia pale unapochukulia, bila kutamka, kwamba kila mwonekano kati ya hiyo 21 una nafasi sawa ya kutokea. Kanuni uliyofundishwa, kugawa idadi ya matokeo unayoyataka kwa idadi ya matokeo yote, ina sharti moja: matokeo yote yawe na nafasi sawa. Sharti hilo huandikwa mara moja mwanzoni mwa sura, kisha halitajwi tena. Wanafunzi wanaondoka na mgawanyo, sharti wanaliacha darasani. Ndiyo maana wapo pia wanaosema jumla ziko 11, kuanzia 2 hadi 12, kwa hiyo kila moja ni 1/11. Kwa mtindo huo kesho ama mvua itanyesha ama haitanyesha, basi ni nusu kwa nusu, Tanga na Dodoma sawasawa.

Sasa chukua dadu mojawapo uipake rangi ya kucha, nyekundu. Nyingine ibaki nyeupe. Dadu nyekundu inaweza kuonyesha moja kati ya nyuso sita, na kwa kila uso huo, ile nyeupe nayo ina nyuso zake sita. Hayo ni matokeo 6 × 6 = 36, na hakuna lililo na upendeleo kuliko jingine, kwa sababu nyuso za kila dadu zina nafasi sawa na dadu moja haina habari na mwenzake. Katika hayo 36, nyekundu 3 na nyeupe 4 ni tokeo moja. Nyekundu 4 na nyeupe 3 ni tokeo lingine. Lakini nyekundu 3 na nyeupe 3 ni tokeo moja tu, huwezi kuligeuza likawa jipya.

Utaniuliza: hiyo ni kwa dadu za rangi, zetu je? Jiulize basi kama rangi ya kucha inaweza kubadilisha namna dadu inavyodunda na kutulia. Kama kabla ya kupaka 3-4 na 3-3 zilikuwa zikitokea sawasawa, na baada ya kupaka 3-4 ikawa inatokea mara mbili zaidi, basi hiyo rangi ina jini. Kwamba wewe huwezi kutambua ipi ni ipi ni tatizo la macho yako. Dadu zenyewe ni vitu viwili, na kila kimoja kinaanguka kivyake.

Au lifikirie hivi. Ili upate 3-3, dadu ya kwanza lazima itoe 3, nafasi 1/6, na ya pili pia 3, nafasi 1/6. Ukizizidisha unapata 1/36. Ili upate 3-4 kwa mpangilio wowote, dadu ya kwanza ina ruhusa mbili: itoe 3 au itoe 4, nafasi 2/6. Ya pili ndiyo inayobanwa, itoe ile iliyobaki, nafasi 1/6. Hapo ni 2/36. Jozi ya namba tofauti ina uzito mara mbili ya jozi pacha. Hilo tu ndilo lililokosekana kwenye hesabu yako. Angalia tena orodha zako: 6 ina 1-5 na 2-4 za uzito wa mbili mbili na 3-3 ya uzito wa moja, jumla 5. Kwa 8 ni vilevile, 5. Lakini 7 haina pacha hata moja, kwa kuwa ni namba witiri: 1-6, 2-5, 3-4, zote za uzito wa mbili, jumla 6.

Chora jedwali ulione mwenyewe. Juu weka dadu nyeupe, kushoto nyekundu, ndani andika jumla:

        1   2   3   4   5   6
    1   2   3   4   5   6   7
    2   3   4   5   6   7   8
    3   4   5   6   7   8   9
    4   5   6   7   8   9  10
    5   6   7   8   9  10  11
    6   7   8   9  10  11  12

Namba 7 zimejipanga mshazari kutoka kona ya juu kulia hadi kona ya chini kushoto, ziko sita. Kila ukisogea mshazari mmoja upande wowote unapoteza nafasi moja: 6 na 8 zina tano tano, 5 na 9 nne nne, 4 na 10 tatu tatu, 3 na 11 mbili mbili, 2 na 12 moja moja. Jumlisha zote uone kama zinafika 36. Zisipofika umeruka kitu. Ukichoka kuchora, kwa jumla isiyozidi 7 idadi ya njia ni jumla yenyewe toa 1, na kwa jumla kuanzia 7 kwenda juu ni 13 toa jumla. Kwa 9, mfano, 13 − 9 = 4, uwezekano 4/36, yaani 1/9.

Na kwa nini 7 ndiyo inayotamba? Rusha dadu moja kwanza. Itoe chochote, 1 au 4 au 6, bado uko hai: daima kuna uso mmoja kamili kwenye dadu ya pili unaokamilisha 7. Hivyo uwezekano ni 1/6 bila kuchora jedwali lolote. Jaribu hivyo na 6: dadu ya kwanza ikitoa 6 umekwisha, maana dadu haina sifuri. Ukitaka 12, dadu ya kwanza ikikosa kutoa 6 ya pili haina kazi. Hakuna jumla nyingine isiyoweza kuharibiwa na dadu ya kwanza isipokuwa 7.

Maswali ya mtihani mara nyingi hayaombi jumla moja, yanaomba kundi. Jumla isiyopungua 10 ni 3 + 2 + 1 = 6, hivyo 6/36, sawa kabisa na 7. Jumla iliyo namba tasa ni 2, 3, 5, 7 na 11: 1 + 2 + 4 + 6 + 2 = 15, yaani 15/36 au 5/12; wanaosahau kwamba 2 ni tasa wanapoteza alama hapo kila mwaka. Ukiulizwa jumla zaidi ya 4, usihangaike kuhesabu nane hizo; hesabu zisizotakiwa, 2, 3 na 4, ambazo ni 1 + 2 + 3 = 6, kisha toa: 1 − 6/36 = 5/6.

Usione aibu kwa kosa lako. Leibniz, Mjerumani aliyeshiriki kuvumbua kalkulasi, aliandika katika barua ya mwaka 1714 kwamba kwa dadu mbili kupata 12 ni rahisi sawa na kupata 11, kwa kuwa kila moja ina njia moja tu: 6-6 na 5-6. Ni hesabu yako hasa, neno kwa neno. Jibu sahihi, umeshaliona, ni 1/36 kwa 12 na 2/36 kwa 11. Na jambo la kushangaza ni kwamba karibu miaka mia moja kabla yake Galileo alikuwa ameshalitatua swali la aina hiyo kwa dadu tatu. Wacheza kamari wa Italia walikuwa wameona kwamba 10 inatoka mara nyingi kidogo kuliko 9, ingawa kila moja ina mionekano sita. Galileo akazitenganisha dadu: kila mwonekano wenye namba tatu tofauti, kama 1-2-6, una mipangilio sita; wenye namba mbili zinazofanana, kama 1-4-4, una mitatu; 3-3-3 una mmoja. Kwa 9 akapata njia 25 kati ya 216, kwa 10 njia 27. Ni asilimia 11.6 dhidi ya 12.5. Wale wacheza kamari walikuwa wamehisi tofauti ya chini ya asilimia moja kwa mikono yao, jambo linalokuambia walikuwa wakikesha kiasi gani.

Tena kuna mahali ambapo hesabu yako ya 21 ndiyo iliyo sahihi. Mwaka 1924 Satyendra Nath Bose, aliyekuwa akifundisha Dhaka, alimtumia Einstein kazi fupi kuhusu chembe za mwanga. Alizihesabu kana kwamba chembe mbili zinazobadilishana nafasi hazileti tokeo jipya, yaani 3-4 na 4-3 ni kitu kimoja chenye uzito sawa na 3-3, na hesabu ikaoana na vipimo vya maabara. Chembe hizo, ziitwazo fotoni, hazina ipi wala ipi. Si kwamba sisi hatuoni, hazina kweli. Dadu za plastiki zinayo.

Usiniamini kwa maneno. Unaweza kupima nyumbani leo, ila chagua kipimo chenye meno. Ukihesabu 7 dhidi ya 6 utachoka bure: kwa mirusho 120, kitabu kinatarajia 7 karibu mara 20 na 6 karibu mara 17, tofauti ndogo inayomezwa na bahati ya siku. Hesabu jozi pacha badala yake. Kwa hesabu yako ya mionekano 21, pacha ni 6 kati ya 21, kwa hiyo katika mirusho 120 utarajie karibu 34. Kwa hesabu ya 36, pacha ni 6 kati ya 36, utarajie 20. Bahati inaweza kuisogeza 20 kwa nne hivi juu au chini kwa kawaida, mara chache hata nane. Kuipeleka hadi 34 ni kazi ngumu mno. Kaa na mdogo wako, mmoja arushe, mwingine atie alama kwenye daftari, pacha huku na zisizo pacha kule. Rushieni ndani ya kikombe mkitikise vizuri, dadu isidondoshwe tu kutoka kiganjani.

Hata hivyo dadu halisi si dadu ya kitabuni. Mwaka 1894 mwanabiolojia Mwingereza W. F. R. Weldon alikusanya matokeo ya kurusha dadu 12 kwa pamoja mara 26,306, akihesabu ni ngapi zilizotoa 5 au 6. Ilipaswa kuwa theluthi moja, asilimia 33.33. Alipata 33.77. Inaonekana si kitu, lakini kwa zaidi ya nyuso laki tatu zilizohesabiwa, pengo hilo ni kubwa kuliko bahati inavyoweza kulieleza. Mwanatakwimu Karl Pearson aliitumia data hiyo mwaka 1900 alipotangaza kipimo chake cha kai mraba, cha kuona kama matokeo yameachana mno na yaliyotarajiwa, ambacho ukifika chuo utakutana nacho. Maelezo ya kawaida ni vitundu: uso wa 6 umechimbwa vitundu sita, na ng'ambo yake ni uso wa 1 wenye kitundu kimoja, kwa hiyo upande wa 6 ni mwepesi kidogo na hupenda kukaa juu. Dadu za kasino hujazwa vitundu vyake kwa rangi yenye uzito sawa na plastiki iliyotolewa. Za kwenye boksi la ludo hazina adabu hiyo. Kwa mchezo wa sebuleni haidhuru.

Swali lako la 6-6 ni fupi. La, si lazima. Nafasi ya kuikosa katika mrusho mmoja ni 35/36, na kuikosa mara 36 mfululizo ni 35/36 ikizidishwa kwa yenyewe mara 36, ambayo inatoka karibu 0.363. Hivyo nafasi ya kuipata angalau mara moja ni asilimia 64 hivi. Zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu atarusha mara zote 36 na kutoka mikono mitupu. Wingi unaohitajika ili upate nusu ya nafasi ndio uliomsumbua Chevalier de Méré, Mfaransa mpenda kamari: kwa mirusho 24 nafasi ni asilimia 49.1, kwa 25 ni 50.6. Yeye alikuwa na kanuni ya zamani iliyomwambia 24 inatosha, akalalamika kwa mwanahisabati Pascal, na barua za Pascal na mwanahisabati mwenzake Fermat za mwaka 1654 zikawa ndiyo mwanzo wa somo hili unalolisoma.

Tumalizie na mjomba. Kwanza kutoa kete nyumbani. Wengi hudhani kwa dadu mbili nafasi ya angalau dadu moja kuonyesha 6, inayotakiwa ili utoke, ni 1/6 + 1/6 = 12/36. Rudi kwenye jedwali: mstari wa chini una matokeo sita, safu ya mwisho kulia ina sita, lakini kona ya 6-6 imo kwenye yote mawili na umeihesabu mara mbili. Ni 11/36. Kukaa zamu tano bila kutoka ni 25/36 mara tano kwa yenyewe, karibu asilimia 16, kwa hiyo ukikwama zamu tano hujarogwa.

Sasa kete yako iko njiani na ya mjomba iko nyuma yako. Kama nyumbani kwenu mtu anaruhusiwa kutumia dadu moja moja au kuzijumlisha kwenye kete moja, basi mjomba anakula kete iliyo hatua 6 mbele kwa njia mbili: dadu yoyote ionyeshe 6, matokeo 11, au jumla iwe 6, matokeo 5 mengine ambayo hayagongani na yale. Jumla 16 kati ya 36, asilimia 44. Hatua 5 ni 11 + 4 = 15, hatua 4 ni 14, inashuka hivyo hadi hatua 1, ambayo ni 11. Lakini hatua 7 hakuna dadu moja inayoweza kufika; anategemea jumla peke yake, matokeo 6 kati ya 36, chini ya asilimia 17. Kutoka hatua 6 hadi 7 hatari inaanguka kwa zaidi ya nusu, kisha inazidi kupungua: hatua 8 ni matokeo 5, hatua 9 ni 4, mpaka 12 ambako ni 1 tu. Ukipewa kuchagua kati ya 6 na 7, kaa kwenye 7, mjomba aseme atakalo.

Ila uliza kwanza kanuni za nyumba yenu. Zipo nyumba ambako kete moja lazima iende jumla yote ya dadu mbili, bila kuzigawa. Huko jedwali la jumla ndilo linalotawala, hatua 7 ndiyo mahali pabaya kuliko pote, na mjomba ana haki kabisa.